Maongezi ya Kulipia

Kila asubuhi Nazira alianza na wale ambao mashine zao zilikuwa kimya. Alivua viatu chini ya meza, akachomeka waya wa simu masikioni, akapiga.

"Salama, mzee Mamudo? Mbona jana hukupima?"

"Jana nilishinda shamba, mwanangu."

"Basi pima sasa, mzee. Kaa kwanza, usizungumze. Funga mkono, bonyeza kile kidude cha kijani."

Alisubiri mpaka namba za mzee Mamudo zikatokea kwenye kompyuta, akamshukuru, akahamia kwa mwingine.

Kliniki ilikuwa ndani ya nyumba iliyokuwa duka la vitenge kabla watu wa gesi hawajafika Palma. Sasa kuta zilipakwa chokaa nyeupe, kukawekwa kiyoyozi na jenereta, na nje kulikuwa na bango la Kireno lililosema kwamba hapa wagonjwa huangaliwa wakiwa nyumbani kwao. Kampuni zilizoshika kazi za gesi ziliwakatia wafanyakazi wao siguro, yaani bima ya matibabu, na siguro hiyo iliruhusu kila mfanyakazi amwandikishe mzazi mmoja. Mzazi mwenye presha alipewa mashine ya kufunga mkononi, yenye laini ya simu ndani yake. Akijipima huko kijijini, namba zinaruka zenyewe mpaka Palma, na kutoka Palma mpaka kwa daktari aliyekaa Maputo, ambaye hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kumtia machoni. Siguro ililipa sehemu kubwa, iliyobaki ikakatwa kwenye mshahara wa mtoto.

Lakini siguro ilikuwa na masharti yake. Mgonjwa asipojipima zaidi ya nusu ya mwezi, mwezi huo haulipwi. Asipozungumzishwa kwa simu, haulipwi pia, na akizungumzishwa, kila dakika ina bei yake. Ndiyo maana kliniki ikamwajiri Nazira, msichana aliyesoma sekondari Mocímboa da Praia, anayejua Kiswahili, Kimakonde na Kireno. Mkataba ulisema kazi yake ni kufuatilia afya za wagonjwa. Hata mshahara wa kwanza hajapokea, alikwisha kuelewa kwamba kazi yake ni kuhakikisha mwezi unatimia.

Mzee Abdulswamad wa Kionga hakumpa taabu hata kidogo. Mashine yake ilituma namba kila siku baada ya sala ya alfajiri. Simu alipokea mkewe, Bi Mwanawetu, na siku hizi alipokea yeye tu.

"Mzee kaamkaje, bi?"

"Amepumzika, mwanangu."

"Dawa zake hazijaisha?"

"Dawa zipo tele. Wewe umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Kwa kitu gani?"

Hapo ndipo Nazira husahau saa. Kwenye pembe ya kompyuta palikuwa na saa aliyoagizwa aiwashe anapoanza kuzungumza na aizime anapomaliza, na kwa wagonjwa wengine aliizima upesi, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa na haraka. Kwa Bi Mwanawetu iliendelea kwenda. Walizungumza habari za mihogo, za nguruwe mwitu waliovamia karanga, za bei ya sukari inayovuka mpaka pale Namoto, za mwenye nyumba wa Nazira aliyepandisha kodi ya chumba kwa sababu mkandarasi kutoka kusini anaitaka nyumba nzima. Mama yake Nazira alifariki Nazira akiwa bado shuleni. Tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimwuliza chai yake kainywa kwa kitu gani.

Siku za karibuni namba za Mzee Abdulswamad zilikuwa zikitokea kwa rangi nyekundu, ya presha iliyopanda. Nazira alikuwa akizipeleka Maputo kama inavyotakiwa, na jibu la daktari lilirudi lile lile, maneno kwa maneno: mgonjwa aendelee na dawa.

Siku hiyo, jua likiwa limekwisha kupanda, aliingia kijana mmoja mwenye ovaroli ya bluu iliyofuliwa ikapauka. Vidole vyake vilikuwa vimechunika kwa sabuni. Alisimama mbele ya meza ya Nazira ameshika karatasi ya mshahara.

"Naomba msaada, dada. Mimi naitwa Tuaibo, nafua nguo kwenye meli ya gesi. Bado mnanikata hela ya baba."

"Baba yako nani, kaka?"

"Abdulswamad wa Kionga."

"Ah, wewe ni mtoto wa Bi Mwanawetu." Nazira alitabasamu. "Karibu. Kuna kosa kwenye hesabu?"

Tuaibo alimtazama kama mtu asiyejua aanzie wapi. "Baba amefariki, dada. Tulimzika kabla ya mfungo, na sasa Idi imepita. Nilikwenda kusema ofisini kwetu, wakaniambia watawaarifu."

Nazira alizitazama tena namba za alfajiri ile. Neno moja lilikuwa likimzunguka kichwani, neno alilolisikia karibu kila asubuhi akalichukulia kwa maana ya mtu aliyejilaza kitandani.

Senhor Tomás, msimamizi wa kliniki, alikuwa amesikia kutoka chumbani kwake. Akatoka, akasoma ile karatasi ya mshahara, kisha akaigeuza kompyuta ya Nazira ili Tuaibo aone. Alisema kwa Kireno, polepole, bila ukali.

"Tazama mwenyewe. Jana kapimwa. Juzi kapimwa. Leo kapimwa. Maiti hajipimi presha."

Tuaibo aliziangalia zile namba kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa Kiswahili, akimwambia Nazira peke yake, "Ni mama."

Senhor Tomás alimwita Nazira ndani, akafunga mlango. Alimweleza kwamba siguro haimlipii maiti. Itakapojua, itadai irudishiwe kila ilichotoa tangu mzee afe, na wenye kliniki huko Maputo watamwuliza yeye. Njia ilikuwa moja tu. Huduma ilitumika, na aliyeitumia yupo. Mama atie dole gumba kwenye tamko kwamba yeye ndiye aliyepimwa na ndiye aliyezungumza kwenye simu. Hapo gharama yote itahamia kwake, na mtoto ataendelea kukatwa kidogo kidogo mpaka iishe.

"Lakini mama hana siguro, senhor."

"Ndiyo maana atalipa mwenyewe." Akamsukumia karatasi na kidau cha wino. "Chukua mota uende leo. Na mashine uirudishe."

Tuaibo alikuwa akimngoja nje, chini ya bango. Boti ya kuwarudisha melini ilikuwa inaondoka mchana ule ule, na kwenye geti la kampuni kulikuwa na vijana waliokaa toka asubuhi wakisubiri mtu mmoja tu achelewe, wachukue nafasi yake.

"Dada, usimkaripie mama," alisema. "Yuko ndani ya eda, hatoki. Mimi ndiye mwanawe wa pekee, na mimi niko baharini nafua nguo za watu."

"Kaka Tuaibo, mama yako ana presha?"

"Mama? Hajawahi kupimwa. Siguro ilitaka mzazi mmoja, nikamwandikisha baba kwa sababu ndiye aliyekuwa akiumwa."

Nazira alipanda mota, pikipiki ya kukodi. Njia nzima ya Kionga, nyuma ya mwenye mota, gurudumu likiteleza kwenye mchanga na malori ya saruji yakiwafunika kwa vumbi, aliwaza jambo moja. Zile namba nyekundu zilikuwa za mtu aliye hai.

Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa bati mbele na makuti nyuma. Nazira alipiga hodi. Kabla hajataja jina, sauti ilimjibu kutoka ndani.

"Sauti hii naijua. Pita, mwanangu."

Bi Mwanawetu alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunga kapulana isiyo na maua, hana hata hina kuchani. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alimwangalia Nazira kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba. Kumbe u mwembamba hivi. Mimi nilikuwa nakuona mnene, una mashavu."

Wote wawili walicheka kidogo. Bi Mwanawetu alikwenda jikoni akarudi na chai ya rangi na muhogo uliochemshwa, akaumwagia tui. Hakutaka kusikia lolote kabla mgeni hajala. Nazira alikula. Mashine ilikuwa juu ya kasha, imefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa pembeni.

"Bi," alisema mwishowe, "nimeonana na Tuaibo leo."

"Hajambo?"

"Hajambo. Ameniambia habari ya mzee."

"Mzee amepumzika. Nilikwambia."

"Uliniambia, bi. Sikuelewa."

Bi Mwanawetu aliinamisha kichwa. "Siku ya kwanza nilidhani umeelewa, kwa sababu ulinyamaza kidogo. Kumbe ulikuwa mtandao. Ukaniuliza habari za mihogo. Siku ya pili nikajua hukuelewa. Nikasema nitamwambia kesho." Alinyoosha mkunjo wa mkeka kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyekuwa namfunga kile kitu mkononi, kila akimaliza kusali. Hitma ilipokwisha, watu wakaondoka, na Tuaibo akarudi kazini. Alfajiri nikaamka, mikono haina cha kufanya. Nikajifunga mwenyewe. Kisha simu ikalia, ukawa wewe."

Kuku aliingia ndani akatoka tena. Nazira alitamani angekuwa amekuja kumtembelea tu. Alitoa karatasi mkobani akamsomea, akigeuza Kireno kuwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Hakuficha kitu. Alimweleza kwamba kila siku aliyojifunga mashine ilikuwa na bei, na kwamba maongezi yao nayo yalikuwa na bei, kwa dakika, na kwamba sehemu ya hela hiyo ilikuwa ikitoka kwa Tuaibo.

Bi Mwanawetu alisikiliza mpaka mwisho.

"Hata siku ile ya nguruwe?"

"Hata siku ile, bi."

"Nilicheka sana siku ile."

"Ndiyo."

"Na kucheka nako kulihesabiwa?"

Nazira alishindwa kumtazama. "Saa ilikuwa inakwenda, bi. Mimi ndiye niliyeiwasha."

"Mwanangu anafua nguo mpaka vidole vinachunika," Bi Mwanawetu alisema polepole, "na mimi nimekaa hapa namlia mshahara wake kwa porojo." Akanyoosha mkono. "Lete huo wino."

"Bi, ngoja."

"Ningoje nini? Umesema nitie dole kwamba tulizungumza. Tulizungumza. Siwezi kukana. Nikikana, wewe utaonekana mwongo kwa mabwana zako, na hujanitendea ila wema."

Nazira alikuwa na kidau mkononi, kifuniko amekwisha kukifungua. Aliliona lile dole gumba, limekauka, lina kovu la kisu cha muhogo, linangoja. Akakifunga kidau.

"Sitaki dole lako, bi."

"Watakufanya nini ukirudi mikono mitupu?"

"Hilo nitalijua nikifika."

"Usijiharibie kazi kwa ajili yangu. Kazi siku hizi zina wenyewe."

"Sikuja kwa ajili ya karatasi peke yake." Nazira aliirudisha mkobani. "Kichwa kinakuuma?"

"Kichwa cha mfiwa kitaacha kuuma?"

"Na macho?"

"Asubuhi naona kama nzi wanapita. Nimelia sana, mwanangu. Ni machozi."

Nazira aliichukua mashine akamfunga mkononi. Mkono ulikuwa mwembamba, ikabidi aukaze mkanda mpaka mwisho. Wakakaa kimya wote wawili, mashine ikavuma, ikabana, ikaachia. Kwa mara ya kwanza Nazira alizisoma zile namba huku amemshika mwenye namba.

"Bi, hizi si za machozi. Twende posto wakakutazame."

"Niko ndani ya eda. Watu watasema nini wakiniona njiani?"

"Matibabu ni dharura, na ni mchana. Dini imeruhusu, na wewe unajua kuliko mimi."

Bi Mwanawetu alifikiri. Akasimama, akajitanda kapulana nyingine mpaka usoni, akamshika Nazira mkono kwa nguvu, kama mtu anayevuka maji. Walipita nyuma ya nyumba za watu. Wanawake wawili waliokuwa wakitwanga waliacha mitwangio hewani, wakawaangalia, kisha mmoja akasema, "Pole, bibi," wakaendelea kutwanga.

Posto, zahanati ya serikali, ilikuwa na vyumba viwili na benchi refu lililojaa akina mama na watoto. Muuguzi, kijana aitwaye Issufo, alimpima Bi Mwanawetu kwa mashine ya zamani ya kupampu kwa mkono. Akarudia kwenye mkono wa pili. Uso wake ukabadilika.

"Bibi, umekaa na presha hii tangu lini? Hakuna aliyekwambia?"

"Nilikuwa naambiwa mzee aendelee na dawa," alijibu Bi Mwanawetu.

Issufo alimgeukia Nazira asielewe. Nazira akamweleza kwa Kireno, kwa maneno machache. Issufo hakulaumu mtu. Alifungua kabati, akahesabu vidonge akavifunga kwenye kipande cha gazeti, akaeleza vinavyomezwa, akamkataza chumvi na dawa za marehemu.

"Wiki ijayo urudi, bibi, nikupime tena. Hivi vikiisha, ukikuta vingine nitakupa. Usipovikuta, ni Palma, kwa hela."

"Huku kupimwa bei gani?"

"Huku hakuna bei."

Bi Mwanawetu alitikisa kichwa, akavikunjia vidonge kwenye pindo la kapulana.

Nazira alimrudisha nyumbani. Mashine aliifungasha Bi Mwanawetu mwenyewe, akaizungushia kile kitambaa cheupe, kisha akakifungua akabaki nacho, akasema alikitarizi yeye kwa ajili ya mzee. Nazira akamwekea namba yake mwenyewe kwenye simu, wakaagana mlangoni, kwa ndani.

Alasiri ilikuwa imekaribia Nazira alipoweka mashine mezani kwa Senhor Tomás. Karatasi aliiweka juu yake.

"Hakuna dole hapa," alisema Senhor Tomás.

"Hakuna."

"Alikataa?"

"Alikubali. Mimi nilikataa."

Senhor Tomás alivua miwani akajisugua macho. Alionekana amechoka. Alisema basi itabidi kila kilichotolewa kikatwe kwa Nazira, kwa sababu yeye ndiye aliyezungumza bila kuthibitisha anazungumza na nani, na yeye, Tomás, hawezi kulifuta deni hilo hata kama angependa. Faili la mzee lingefungwa kwa tarehe ya leo. Tuaibo hatakatwa tena kuanzia sasa, lakini kilichokwisha kukatwa hakirudi.

"Kateni," alisema Nazira. Hakuondoka. "Senhor, zile namba nyekundu nani alikuwa akizisoma?"

"Daktari."

"Daktari alikuwa akimwandikia maiti aendelee na dawa."

Jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta. Senhor Tomás alivaa miwani yake, akaichukua ile karatasi isiyo na dole, akaitia kwenye droo.

"Rudi kwenye simu," alisema kwa upole. "Mwezi unakaribia kuisha, na kuna ambao hawajafika hata nusu."

Nazira alikaa mezani pake. Alipiga hesabu ya kodi ya chumba, akaiacha njiani. Alimpigia mzee mmoja wa upande wa Diaca, hakupatikana. Akampigia mwingine. Katikati ya hapo simu yake mwenyewe, ile ndogo ya mkobani, ikaita. Namba aliijua, ingawa haikuwahi kumpigia hata siku moja. Ilikuwa ikipigiwa tu.

"Nazira?" Bi Mwanawetu alisema kwa sauti ya juu, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "Umefika?"

"Nimefika, bi."

"Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza."

"Alhamdulillahi. Nimemeza kidonge kimoja, kama alivyosema yule kijana. Nimempigia Tuaibo hapatikani, ndiyo nikakupigia wewe. Sitasema sana, isije ikahesabiwa."

"Hii haihesabiwi, bi. Hii ni simu yako na yangu."

"Kweli?"

"Kweli. Wewe sema tu."

Bi Mwanawetu alivuta pumzi, sauti ikashuka, ikawa ile ya kila siku. Akaanza kumweleza kwamba alipofika nyumbani amekuta jirani amemletea karanga mbichi, naye hana hamu ya kula peke yake, na kwamba karanga za mwaka huu ni ndogo lakini zina utamu, na kwamba kama Nazira angepata siku ya kuja tena bila kutumwa na mtu, basi

Simu ikakatika. Krediti ya Bi Mwanawetu ilikuwa imekwisha.

Nazira alijaribu kumpigia, na simu yake ikamjibu kwa Kireno kwamba na yeye hana. Mbele yake ilikuwa simu ya ofisi, yenye krediti isiyokwisha, na saa yake kwenye pembe ya kompyuta ikingoja kuwashwa. Aliitazama kidogo. Kisha akaisukuma pembeni, akachukua pochi yake, akatoka nje kwenda kununua krediti.